Nusu Milimita Iliyoifufua SV650

Nimeisikia ikiwaka na moyo bado unanidunda! Hii ni injini ya Suzuki SV650 ya kizazi cha kwanza, kile kilichoingia sokoni mwaka 1999: silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V la nyuzi 90, kabureta mbili, na maji ya kuipoza. Wengi wanaijua kama pikipiki ya kwendea kazini. Hii niliyoikuta kwenye gereji ya nyumbani hapa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, imefunguliwa mpaka krankshafti na kujengwa upya kwa ajili ya mbio za wikendi, mbio za watu wenye kazi zao za kawaida wanaojinunulia matairi na petroli kwa mishahara yao. Nasema bila kupepesa macho: sijawahi kushika eksileta ya injini ya ukubwa huu inayoitikia namna hii.

Uzuri wake unaanzia kiwandani. Kipenyo cha silinda ni milimita 81, mwendo wa pistoni milimita 62.6 tu, jumla cc 645. Pistoni pana yenye mwendo mfupi hukubali kuzungushwa kwa kasi bila kujiumiza, na pembe ile ya nyuzi 90 inaziwezesha pistoni mbili kufutiana mtikisiko mkubwa, kwa hiyo Suzuki hawakuhitaji kuweka shafti ya ziada ya kusawazisha. Uzito umepungua, na vitu vya kuharibika vimepungua kwa kimoja. Kwenye mizunguko 10,500 kwa dakika krankshafti inazunguka mara 175 kwa sekunde, na kila pistoni inakwenda kwa wastani wa karibu mita 22 kwa sekunde, ikisimama na kugeuza mwelekeo kila inapofika juu na kila inapofika chini. Halafu mlio! Silinda moja ikilipuka, nyingine inafuata baada ya nyuzi 270, kisha unasubiri nyuzi 450 kabla ya mzunguko kuanza upya. Ndiyo maana haivumi kama injini za silinda nne. Inanguruma kwa mapigo yasiyolingana, na kifua kinayahesabu.

Sasa twende kwenye kiini cha kazi. Aliyeijenga ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na hesabu zake zimeandikwa kwa penseli ukutani juu ya meza ya kazi. Kila silinda inabeba cc 322.6. Uwiano wa mgandamizo wa kiwandani ni 11.5 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya kama cc 30.7. Mwalimu alipopima pengo kati ya ukingo wa pistoni na hedi alikuta milimita 1.5. Akakata sehemu ya chini ya silinda nusu milimita. Nusu tu! Nusu milimita kwenye pistoni ya milimita 81 ni karibu cc 2.6, nafasi inashuka hadi cc 28.1, na mgandamizo unapanda hadi karibu 12.5 kwa 1. Hakuna pistoni mpya iliyonunuliwa.

Na mgandamizo wenyewe ni nusu ya faida. Pengo lile la ukingoni likibaki milimita 1, pistoni inapomalizia kupanda inaikamua hewa iliyochanganyika na petroli kutoka pembeni na kuisukuma katikati, kwenye plagi, kwa kishindo. Mchanganyiko unavurugika vizuri na moto unasambaa haraka. Wakati huohuo ule utando mwembamba unaobaki ukingoni hupozwa na chuma kilichouzunguka, kwa hiyo haulipuki kabla ya wakati wake. Mgandamizo umeongezeka na hatari ya injini kugonga haijaongezeka kwa kiwango hichohicho. Unapata vyote viwili kwa mkato mmoja! Anaitilia petroli ya pampuni ya okteni 97 au zaidi, basi.

Lakini ukikata hapo umegusa na kwingine, na hapa ndipo nilipompenda kabisa fundi huyu. Silinda ikishuka, kamshafti zinasogea karibu na krankshafti, mnyororo wa taimingi unalegea upande mmoja, na valvu zinachelewa kufunguka. SV ina kamshafti nne, mbili kwa kila silinda, na kila silinda ina mnyororo wake. Wajenzi wengi huishia kwenye alama za kiwandani na kufunga. Yeye alifunga sahani ya nyuzi 360 kwenye krankshafti, akaweka geji ya saa juu ya valvu, akatanua matundu ya sproketi ili ziweze kusogezwa, akazirudisha kamshafti zote nne mahali alipopataka. Kisha akabandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, akazungusha injini kwa mkono, akafungua tena na kuukata udongo ili aone valvu inakaribia kiasi gani. Milimita 1 upande wa kuingiza hewa, milimita 1.5 upande wa ekzosi. Udongo umehifadhiwa kwenye kikopo, umekatwa vipande viwili, na alama za valvu zinaonekana wazi kama nyayo.

Kabureta za kiwandani ni Mikuni za milimita 39, na slaidi zake hupandishwa na mvuto wa hewa. Mahali pake zimekaa Keihin FCR za milimita 39 vilevile, ambazo slaidi zake huvutwa moja kwa moja na waya wa eksileta, na zina pampu ndogo inayorusha petroli mara tu mkono unapogeuka. Kipenyo ni kilekile, tabia ni nyingine kabisa! Silinda ya mbele na ya nyuma hazipumui sawasawa, kwa hiyo kila moja ina jeti yake, na zilirekebishwa mpaka mchanganyiko ukatulia kwenye sehemu 13 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito. Boksi la hewa limebaki, nami naliunga mkono kwa nguvu zote. Vichujio vidogo vya wazi vinapendeza pichani lakini vinanyang'anya nguvu ya mizunguko ya katikati.

Kwenye mashine ya kupimia nguvu, tairi la nyuma lilikuwa limetoa nguvu za farasi 65 kabla ya kazi kuanza. Sasa linatoa 77. Tarakimu hiyo ni tamu, ila nilikodolea macho mchoro kuanzia mizunguko 5,000, ambako mstari mpya unapanda juu ya ule wa zamani na haushuki chini yake tena.

Ukitaka kuelewa maana yake, nenda kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, kwenye mzunguko mfupi wa Indy wenye urefu wa kilomita 1.9 hivi. Unateremka kona ya Paddock Hill tumbo likiachwa juu, unapanda hadi Druids, kona kali ya kulia ambako kasi yote inakufa. Hapo ndipo injini zenye nguvu kileleni tu zinapokwama zikitafuta gia. Hii haitafuti! Unafungua eksileta ukiwa bado umelala, tairi linauma lami, na kabla hujaiweka wima unaona Graham Hill Bend inakujia upande wa kushoto. Nilirudi nikiwa natabasamu ndani ya helmeti mpaka mashavu yakauma.

Daraja la mbio la pikipiki hii ni Supertwins. Klabu kongwe ya mbio za pikipiki ya BMCRC, iliyoanzishwa mwaka 1909, ina pia Minitwins, lakini huko injini haiguswi sana. Pikipiki za sampuli hii si mchezo wa watoto: mwaka 2012 mbio za Lightweight TT za Isle of Man zilirudi kwa injini za silinda mbili za cc 650, na Ryan Farquhar akashinda kwa Kawasaki. Mkaguzi wa mbio ataangalia boliti ya kumwagia oili kama imefungwa kwa waya usioachia, na kwenye rejeta atataka maji matupu, kwa sababu kipozeo cha kawaida kikimwagika hufanya lami iteleze vibaya.

Ninalolitamani bado ni springi mpya za valvu. Zilizomo ni za kiwandani, na kwa nguvu hii mwendeshaji atashawishika kuizungusha injini juu ya kiwango mara kwa mara. Baada ya mbio za mwanzo ningefungua sampu na kutazama beringi za konrodi.

Na wewe mwenye SV iliyochakaa kwenye kona ya gereji, usianze kwa kununua ekzosi. Nunua geji ya saa, sahani ya nyuzi na pakiti ya udongo wa kuchezea, ufungue hedi Jumamosi hii.