Ikisari ya Kiswahili katika Jarida la Tiba

East African Medical Journal, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1923, huchapisha makala zake kwa Kiingereza. Kuliboresha si kubadili sura yake tu. Kila makala yastahili ikisari ya Kiswahili sanifu. Hata hivyo, kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Tutazame istilahi “degedege”. Kwa tabibu hiyo ni dalili iwezayo kuletwa na malaria kali; lakini utafiti wa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa wazazi wengi neno hilo lilitaja maradhi mengine kabisa, ya kutibiwa na mganga. Pasipo ufafanuzi, mwuguzi atasema hili, mama ataelewa lile, na mtoto atachelewa kufika hospitali. Mhariri, tabibu na mwanaistilahi hawana budi kuketi pamoja.