Sahani ya Buluu na Jina la Sini

Walimu wengi waijua sahani nyeupe yenye mchoro wa buluu: mti ulioinamisha matawi, daraja na watu watatu juu yake, mashua, na ndege wawili angani. Hapa Kigoma tunayo moja. Twasikia ikiitwa ya sini, na watoto wakiambiwa kwamba mchoro wake ni ngano ya kale ya Kichina. Yote mawili yataka kusahihishwa.

Mchoro huo uliungwa na mafundi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, wakiokota vipande katika vyombo vya Kichina. Hadithi ya wapenzi waliogeuka ndege ilitungwa hukohuko baadaye, katika karne ya 19. Basi picha ndiyo iliyozaa hadithi.

Na sini yenyewe? Waingereza waliitamani mno. Kiwanda cha Bow, karibu na London, kilijiita New Canton, na jina hilo laonekana katika vidau vyake vya wino vya mwaka 1750. Mwaka 1768 William Cookworthy alipewa hati ya kufanya sini ya kweli kwa udongo wa Cornwall. Lakini sahani zilizoenea zaidi zilikuwa za udongo mweupe tu. Mchoro hukatwa katika bamba la shaba, hupigwa chapa kwa kobalti juu ya karatasi nyembamba, na karatasi hubandikwa chomboni. Kisha chombo hupakwa majimaji yanayogeuka kioo motoni. Josiah Spode wa Stoke aliistawisha kazi hiyo karibu na mwaka 1784.

Kuiga hatukulaumu, maana Wachina nao walipokea kobalti kutoka Uajemi. Kasoro tuionayo ni kwamba Mchina aliuacha weupe uwe maji au ukungu, bali Mwingereza aliujaza nakshi hata ukingoni, kana kwamba mahali patupu ni hasara.

Watu wa pwani walivithamini vyombo vya Kichina hata kuvipachika makaburini, kama huko Kunduchi. Kiswahili chao kilifika Ujiji kwa misafara, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Jina lao jingine, kauri, ni la gamba la baharini pia. Na ajabu ni kwamba jina la Kizungu la vyombo hivi latokana na neno la Kiitaliano la gamba lilo hilo.

Sini nyembamba hupenyeza mwanga. Sahani yetu tuliiinua dirishani, upande wa ziwa, jua likiwa kali. Hatukuona hata kivuli cha vidole vyetu.