Siku ya Kukaa Kariakoo

Siku yenyewe niliiharibu kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimeamua kutotembea, nikatoka gesti Mtaa wa Sikukuu kufuata plasta tu. Duka la dawa lilikuwa hatua chache, lakini Kariakoo ukishatoka umetoka: nikapita Mtaa wa Congo kuangalia soksi, nikakwepa mikokoteni, nikajikuta Msimbazi. Niliporudi simu ilikuwa imehesabu hatua 9,000 na ushei, na mguu unapwita kuliko nilivyoamka nao.

Nilikuwa likizo, nikitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo kwenda Kisiju. Siku tatu za kwanza zilinipitisha Mapinga na Tegeta hadi katikati ya jiji. Ya nne ilikuwa iwe ya Vikindu. Kilichonizuia ni lengelenge ubavuni mwa kidole cha mwisho, mguu wa kulia. Mahali lilipotokea panaeleza chanzo chake. Lami ina mgongo; katikati imeinuka, pembeni imeshuka ili maji yatiririke. Mimi nilitembea upande wa kulia siku zote tatu, niyaone magari yanayokuja. Kwa hiyo mguu wa kulia ulikuwa chini muda wote, unateleza ndani ya kiatu kuelekea nje, na kidole kile ndicho kilichokuwa breki.

Kulala mahali pamoja siku mbili hakukuwa bure hata kwa misafara ya zamani ya Bagamoyo na Ujiji: hakuna anayesogea, ila posho inaliwa. Posho yangu ilikuwa chumba cha shilingi 25,000 na milo mitatu. Nilikuwa nimeshakula nusu yake kwa kuzurura.

Mchana nikabadili mbinu. Kwanza lengelenge: nikalisafisha, nikachoma sindano kwenye spiriti na moto wa kiberiti, nikatoboa pembeni matundu mawili, maji yakatoka. Ngozi ya juu niliiacha, kwa sababu hiyo ndiyo plasta ya kwanza. (Mwenye kisukari asijaribu haya, aende zahanati.) Kisha nikashuka hadi barazani kwa fundi viatu, jirani kabisa na mlango wa gesti, nikaomba stuli.

Alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa uzi. Akaingiza vidole ndani ya kiatu, akakipapasa kama anayetafuta msumari.

“Hiki ulinunua asubuhi?”

“Asubuhi, mzee wangu.”

“Ndiyo maana. Mguu umeshinda njiani unavimba. Ungekijaribu jioni.”

Akailowesha ngozi ya ubavuni, akashindilia kipande cha mti chenye umbo la mguu, na pale palipokuwa pakinisugua akabandika kijipande cha ngozi kwa nje ya mti ili pavimbe zaidi. Kiatu kikae hivyo mpaka magharibi, akasema.

Nami nikakaa nacho. Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kupumzika mtaa huu. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916, na mpaka leo bidhaa hapa huja kwa miguu ya mtu. Muuza kahawa alipita na birika lake, akigonganisha vikombe. Akaja wa kashata, akaja wa maji. Machinga wa soksi, ambaye asubuhi nilimfuata mitaa mitatu, alisimama mbele yangu bila kuitwa. Nilichukua jozi mbili nzito, mguu ukiwa juu ya boksi tupu la sabuni. Kuanzia hapo hadi adhana ya magharibi simu iliongeza hatua 140, nyingi zikiwa za chooni.

Kesho yake nilijipima kwenye ngazi za gesti. Nilishuka ghorofa mbili bila kushika ukuta. Saa kumi na moja alfajiri, Msimbazi bado nyeupe, nikaelekea Barabara ya Kilwa, safari hii nikifuata vumbi la pembeni, nje kabisa ya lami.