Kauli za Wenyeji na Uchimbuzi wa Miji ya Pwani

Katika vitabu vikubwa vilivyoandikwa juu ya uchimbuzi wa miji ya kale ya pwani ya Afrika ya Mashariki, mwenyeji hutokea kwa nadra, na akitokea mara nyingi hana jina wala lahaja. Husemwa tu kwamba wenyeji husimulia hivi au vile, jambo lenyewe likatajwa kwa sentensi moja ya Kiingereza, kisha mwandishi akarudi kwenye vigae vyake. Swali aliloulizwa mzee huyo halitajwi. Haitajwi kama alijibu kwa Kiamu, kwa Kipate au kwa Kimgao, wala nani mwingine alikuwa barazani akisikiliza. Hali vigae hupimwa, huchorwa na kupewa nambari kulingana na tabaka la udongo vilimotoka, kauli huchukuliwa kana kwamba imeokotwa juu ya ardhi, haina tabaka.

Upungufu huu hauwezi kuelezwa kwa uvivu. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na baadaye Manda, walikuwa watu wa bidii kubwa, na bila kazi yao hapana mtu ambaye angeweza leo kuijadili historia hii kwa ushahidi. Hata hivyo, kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliiita Gede mji wa Waarabu katika anwani yake, na jina hilo lilimtangulia msomaji kabla hajafika kwenye kuta. Mwenye kuamini kwamba mji ulijengwa na wageni hana haja kubwa ya kuwauliza majirani zake waliobaki. Atawauliza juu ya njia na mashetani, na juu ya mahali pa kupata maji.

Suala la Washirazi ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi kauli ilivyotumiwa. Katika makala yake ya mwaka 1965, Chittick alishika kwamba Washirazi wa Kilwa walikuja yapata mwisho wa karne ya 12, tena wakitokea pwani ya Banadiri, si Uajemi moja kwa moja. Tarikh ya Kilwa, kwa hesabu zake, ilikuwa imemweka mtawala wa kwanza, Ali bin al-Hasan, mbali zaidi nyuma ya hapo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, kulipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za Wafatimi ambazo hazivuki karne ya 11. Basi simulizi ilikuwa karibu na ukweli wa wakati kuliko mchimbuzi aliyeisahihisha. Lakini yafaa ieleweke kwamba sarafu ilithibitisha jina na wakati tu. Haikuthibitisha Shirazi. Wale walioshangilia kwamba simulizi sasa imekuwa kweli walirudia kosa lile lile kwa upande wa pili: waliihukumu kauli kama shahidi wa mahakamani, wa kuaminiwa au kukataliwa, wasiulize ni kauli ya namna gani.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapokuwa na neno la kusema. Mathalan, ichukuliwe kauli iliyo nyepesi kabisa, "asili yetu ni Shirazi". Haina kitenzi cha mwendo. Haina wakati. Inatumia "ni", inayounganisha vitu viwili bila kusema kimoja kilitoka wapi kwenda wapi, na inatumia "asili", neno linalobeba shina, chanzo na hadhi kwa pamoja. Ikiingia katika daftari la mtafiti inakuwa "walikuja kutoka Shirazi". Kitenzi kimeongezwa, na pamoja nacho safari, merikebu na tarehe ya kutafutwa. Mjadala mrefu juu ya uhamiaji umejengwa, kwa sehemu, juu ya kitenzi ambacho msemaji hakukitamka. Isitoshe, neno lenyewe lilikuwa likifanya kazi machoni pa watu wote. Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa Unguja mwaka 1957, Ushirazi haukuwa dai la ugeni hata kidogo. Ulikuwa dai la wenyeji mbele ya utawala wa Kiomani, yaani kwamba sisi tulikuwapo kabla yenu. Neno linalosikika kwa mtafiti kama hati ya kuingilia nchini, kwa msemaji lilikuwa hati ya kumiliki ardhi.

James de Vere Allen na Thomas Spear waliliona jambo hili katika miaka ya 1980, na kitabu cha Spear na Derek Nurse cha mwaka 1985 kiliupa msingi wa isimu: Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro katika kundi la Sabaki, na maneno ya Kiarabu yaliingia juu ya sarufi iliyokwisha simama. Lakini hata wao walisoma simulizi hasa kwa tafsiri.

Tofauti inayopotea kwa kusoma hivyo huonekana katika habari za Kilwa zenyewe. Kuna matini ya Kiarabu, iliyochapishwa na Strong mwaka 1895. Kuna muhtasari wa Mreno de Barros wa karne ya 16. Na kuna simulizi ya Kiswahili aliyoichapisha Carl Velten mwaka 1907. Zote tatu zina kisa cha kisiwa kununuliwa kwa nguo. Wanahistoria wamezoea kuipa ya Kiarabu uzito mkubwa zaidi kwa kuwa ni ya zamani na ina orodha ya masultani, na ya Kiswahili wakaiona kuwa ngano iliyochakaa. Lakini katika ile ya Kiswahili mgeni hanunui tu. Anamwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa, kisha anatoa nguo, babu anahamia bara, na mwisho wa yote anayepokea utawala kwa ridhaa ya babu ni mtoto aliyezaliwa na binti yule. Nguo inampa baba mahali pa kukaa. Mamlaka yanapitia kwa mama. Msimulizi ameifunga kanuni ya urithi ndani ya kisa cha biashara, na mwenye kuorodhesha masultani hupita juu yake bila kujikwaa. Nguo nayo si pambo: Chittick mwenyewe alifukua Kilwa vigae vingi vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi.

Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Ilionekana kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganyika, kwamba kwa upande wa mama nasaba ni ya Kiafrika karibu yote, na kwamba kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Magazeti yalitangaza kwamba tarikh ya Kilwa imethibitishwa. Ni ipi? Kinacholingana na matokeo hayo kwa ukaribu zaidi ni simulizi ya Mrimba na binti yake, ile iliyoitwa ngano. Aidha, mifupa mingi iliyopimwa ni ya watu waliozikwa kando ya misikiti na katika makaburi ya heshima. Waliokaa katika nyumba za udongo nje ya kuta hawajasema bado, wala kwa vinasaba wala kwa simulizi. Kuita matokeo hayo "asili ya Waswahili" ni kuufanya mtaa mmoja kuwa mji mzima.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kuwasikiliza zaidi wenyeji na kuwaamini. Mfano wa Lamu waonya kinyume. Usam Ghaidan katika kitabu chake cha mwaka 1975, Allen mwaka 1979, na Linda Donley katika miaka ya 1980 walizungumza kwa makini na wenye nyumba, wakayaleta kwenye elimu maneno ambayo ni hazina: daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, zidaka. Nyumba iliyokuwa mchoro wa kuta ikawa mahali pa kuolewa, kuzaa na kuoshwa maiti, na ndani ikawa kitovu cha heshima ya mwanamke na ya ukoo wake. Hii ni kazi ya kusifiwa. Lakini maneno hayo yalikuwa ya nyumba za karne ya 18 na 19, na waliofuata waliyabandika juu ya magofu ya kale zaidi kana kwamba nyumba ya mawe haina historia. Songo Mnara, mji uliokaliwa kutoka mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, ulipochimbwa tangu 2009 na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, vyumba vya mbele vilionekana kuwa mahali pa wageni na shughuli za hadharani. Faragha ile kali ya Lamu haikuwako, au haikuwa ya namna ile. Neno "ndani" ni la zamani sana katika Kibantu. Maana yake ya kijamii ilijengwa baadaye, na isimu ya kihistoria, si mazungumzo peke yake, ndiyo yenye vyombo vya kutenganisha hayo mawili.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kauli kuhifadhiwa kama kigae: maneno yenyewe kwa lahaja yake, swali lililoyaleta, mahali na waliokuwapo, na matini hiyo kuwekwa mahali ambapo mtafiti mwingine aweza kuifikia na kuibisha tafsiri. Idara za lugha za vyuo vikuu vya Kenya zina walimu na wanafunzi waliozaliwa Siu, Faza na Vanga, ilhali mara nyingi wanaoajiriwa na wachimbuzi kutoka vijiji hivyo ni wakalimani na wachukuzi wa udongo. Taarifa ya Shanga, ambako chini ya msikiti wa Ijumaa Mark Horton alifukua misikiti midogo ya miti ya karne ya 8, ilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza. Msomi wa Kisiwa cha Pate anayetaka kujua babu zake walisali wapi huisoma kwa lugha ya kigeni, na hawezi kuyaona maneno ya wazee wa Siu kama yalivyosemwa. Velten, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, aliyachapa maneno ya Kiswahili ya watu wa Kilwa mwaka 1907, na ndiyo maana ndoa ya binti wa Mrimba ingali yasomeka.