Kubadili Programu ya Kituo cha Hali ya Hewa Bila Kupoteza Vipimo

Kompyuta ya kituo cha hali ya hewa inapowekewa programu mpya, haina budi kuacha kupokea vipimo kwa muda, na mvua haisubiri. Kwa hiyo swali la kwanza si kazi itachukua dakika ngapi, bali vipimo vitakaa wapi muda huo.

Tuchukue kituo cha Davis Vantage Pro2 kinachotumia programu ya WeeWX. Kwenye skrini yake ya ndani ya nyumba huchomekwa kifaa kidogo chenye nafasi ya rekodi 2,560. Rekodi ikiandikwa kila dakika 5, nafasi hiyo hutosha karibu siku 9. Ikiandikwa kila dakika, haifiki saa 43. Kompyuta ikizimwa, kifaa huendelea kuandika. Ikiwashwa, WeeWX huangalia rekodi ya mwisho katika hifadhidata yake, kisha huvuta zote zilizofuata.

Toleo la 5 la WeeWX, lililotoka Januari 2024, liliachana na toleo la zamani la lugha ya programu, Python 2, hivyo baadhi ya vituo vililazimika kubadili mengi kwa mpigo. Njia salama ni kuandaa mfumo mpya kwenye kadi nyingine ya kumbukumbu na kuujaribu kwa nakala ya hifadhidata, huku ule wa zamani ukiendelea na kazi. Siku ya kubadili, programu husimamishwa kwanza, ndipo hifadhidata (weewx.sdb) na faili la mipangilio (weewx.conf) hunakiliwa. Faili likinakiliwa kiholela wakati linaandikwa, nakala yaweza kuharibika.

Mitego ni miwili. Wa kwanza, kubadili muda wa kurekodi kwenye Davis hufuta rekodi zote zilizomo kwenye kifaa. Usiuguse kabla hazijavutwa. Wa pili ni saa: kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani, nayo WeeWX hurekebisha saa ya Davis kwa kufuata ya kompyuta. Hakikisha kompyuta imepata saa sahihi kwenye intaneti kabla ya kuwasha programu.

Mwisho, hesabu. Siku nzima ya rekodi za kila dakika 5 lazima iwe na rekodi 288. Zikipungua, rudi kwenye kifaa kabla rekodi mpya hazijafuta za zamani. Uangalifu huu una sababu: wastani wa hali ya hewa ya mahali hukokotolewa kwa miaka 30. Katika muda huo programu zitabadilika mara nyingi, lakini mfululizo wa vipimo lazima ubaki mmoja.