Heko kwa Wapasuaji Mawe wa Kakamega

Anayepita barabara ya Kakamega kwenda Kisumu hulistaajabia Jiwe Linalolia la Ilesi, lenye urefu wa takriban mita 40, lakini ni wachache wanaomstaajabia fundi anayeishi kwa kupasua mawe magumu kama hilo. Thamani ya jiwe gumu si jambo jipya. Warumi wa kale husifiwa kwa marumaru, ilhali sehemu kubwa ya marumaru yao ilikuwa vibao vyembamba vilivyobandikwa juu ya kuta za matofali na zege. Kule Pompeii wengine walichora tu mfano wake kwenye lipu. Penye uzito wa kubebwa, mara nyingine waliiamini itale, jiwe gumu: nguzo za mbele za hekalu la Pantheon kule Roma, zenye kimo cha karibu mita 12, ni itale iliyotolewa Misri, kila moja kipande kimoja. Fundi wetu naye huwasha moto juu ya mwamba hadi tabaka la juu litanuke na kupasuka, akaingiza mtaimbo kwenye ufa, kisha nyundo ikamalizia. Asiposoma vyema mkondo wa jiwe, bamba zima huishia kuwa kokoto.

Wapo watakaosema vigae vya kiwandani ni nafuu na hupangwa upesi. Kwa sakafu ya ndani, sawa. Ila msingi na ngazi za nje, kwa mvua hii ya Kakamega, vinataka jiwe. Hoja nzito zaidi ni vumbi na vipande vinavyoruka machoni, nayo inadai miwani, barakoa na malipo ya haki, wala haiipunguzii kazi hii heshima. Unayejenga mwaka huu, mwendee fundi wa mawe kabla hujaagiza vigae.