Albamu Ngeni Kila Siku: Marudio Ndiyo Yanayoamua

Mwaka 2005 kilitoka kitabu kinene kilichohaririwa na Robert Dimery, chenye orodha ya albamu 1001 ambazo wakosoaji walioziandikia waliona haifai mtu afe kabla ya kuzisikia. Kwa wapenzi wengi wa muziki kitabu hicho kimegeuka ratiba: albamu moja kila siku, ikiwezekana ile ambayo sikio halijawahi kukutana nayo. Asiyeruka siku humaliza kwa takriban miaka miwili na miezi tisa. Mpango huu una nguvu kubwa, na una kasoro moja ambayo orodha yenyewe haiwezi kuiponya.

Nguvu yake ya kwanza ni kumwondolea msikilizaji uchaguzi. Mtu akiachiwa achague mwenyewe hurudi kwa waimbaji wake wa siku zote, na programu za muziki za kwenye simu humsukumia kinachofanana na alichosikiliza jana. Orodha iliyopangwa na wengine haijali mazoea yake. Bado lakini kuna suala la mfuatano. Kitabu cha Dimery kimepangwa kwa miaka, kikianzia 1955 na *In the Wee Small Hours* ya Frank Sinatra. Anayekifuata ukurasa kwa ukurasa huisikia studio ikikua: vifaa vinaongezeka, sauti zinapandana, nyimbo zinarefuka. Anayechagua albamu ya siku kwa kura huikosa hadithi hiyo, ila sikio lake halipati nafasi ya kulala, kwa sababu leo ni jazi na kesho ni roki ya kelele. Kwa anayeanza, kura ni bora. Historia ataiunganisha baadaye, akishakuwa na vitu vya kuunganisha.

Nguvu ya pili ni kusikiliza kitu kizima. Kampuni ya Columbia ilipoleta santuri ndefu mwaka 1948, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja uliweza kubeba dakika ishirini na kitu, wakati santuri za zamani za mizunguko 78 zilibeba tatu hadi tano tu. Kuanzia hapo wanamuziki walianza kupanga pande mbili: wimbo wa kufungua, wa kufunga upande wa kwanza, wa kumrudisha mtu baada ya kugeuza santuri. *Kind of Blue* ya Miles Davis ya mwaka 1959 ina vipande vitano tu, vitatu upande wa kwanza na viwili wa pili, na mapumziko ya katikati ni sehemu ya mpango. Anayeisikiliza kwenye simu afadhali asimamishe hapo kwa dakika moja. Toleo nalo lina umuhimu wake. Upande wa kwanza wa albamu hiyo ulisikika kwa miaka zaidi ya thelathini ukiwa na kasi na sauti ya juu kidogo kuliko ilivyopigwa, kwa kuwa mashine ya kurekodia ilikuwa imezunguka polepole. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992. Matoleo mapya ya albamu za zamani pia hupenda kubandika nyimbo za ziada mwishoni, na hapo mwisho alioupanga msanii unapotea. Msikilizaji azizime nyimbo hizo.

Sasa kasoro. Sikio hupenda linachokijua. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu, hata bila maelezo yoyote. Mtafiti wa muziki Elizabeth Margulis akaenda mbele zaidi: alichukua vipande vya muziki mgumu wa Luciano Berio na Elliott Carter, akakata sehemu na kuzirudia ndani ya vipande hivyohivyo, kisha akawasikilizisha watu. Waliviona vilivyorudiwarudiwa vinapendeza zaidi kuliko vile vya asili vya watunzi hao mashuhuri. Ratiba ya albamu moja kwa siku inafanya kinyume chake: inampa mtu kitu mara moja, inamwomba hukumu, halafu inakiondoa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa albamu ya siku liwe hili: muziki huu umebeba marudio kiasi gani ndani yake?

*Zombie* ya Fela Kuti imebeba mengi. Wimbo unaoipa albamu jina unachukua zaidi ya dakika kumi na mbili. Gitaa na ngoma hushikilia zamu zao bila kuchoka, na kabla Fela hajaanza kuimba msikilizaji mgeni ameshajua mwili wake uende wapi. Umm Kulthum naye hivyo hivyo. "Enta Omri" ya 1964, iliyotungwa na Mohamed Abdel Wahab, hukaribia saa nzima jukwaani kwa sababu mstari mmoja huimbwa tena na tena, kila mara kwa pambo jipya, kadiri ukumbi unavyodai. Mtu aliyekulia kwenye taarabu ya pwani analijua jambo hili bila kufundishwa: anayeinuka kutunza anaomba ubeti usiishe. Muziki wa namna hii unajifundisha wenyewe kwa siku moja, hata lugha ikiwa ngeni.

Albamu isiyojirudia inahitaji msikilizaji airudie yeye. Njia inayofaa ni asubuhi upande wa kwanza pekee, mara mbili. Jioni albamu nzima. Kati ya hapo aandike mistari michache juu ya alichokisikia: ala gani inaongoza, sauti inaingia wapi, nini kilimchosha. Hukumu ya kupenda au kutopenda isubiri usiku. Msikilizaji wa jioni mara nyingi hupingana na wa asubuhi, na hapo ndipo faida ya zoezi zima ilipo.

Muziki wa dansi wa Tanzania unataka mpango mwingine kabisa. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ili nyimbo zirushwe hewani, na santuri zilizotoka, aghalabu ndogo za wimbo mmoja mmoja, zilichapwa Nairobi. Wimbo mrefu ulikatwa mara mbili: hadithi na kiitikio upande wa kwanza, chemko la magitaa upande wa pili. Wachache walipata nafasi ya kutunga albamu kamili kama *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala, iliyotolewa na Real World mwaka 1989. Mkusanyo kama juzuu la tatu la mfululizo wa *Zanzibara*, lenye nyimbo za Tanzania za miaka ya 1960, umeweka bendi kadhaa kwenye diski moja. Hakuna mwanamuziki aliyepanga wimbo upi uufuate upi. Kuusikiliza kwa mkupuo kama *Kind of Blue* ni kuzidhulumu bendi hizo. Ugawanywe kwa bendi, bendi moja kwa siku, kila wimbo mara tatu, hata kama ratiba ya mwezi itachelewa kwa juma zima.